Muulize Fundi: Giaboksi ya auto inayousoma mguu wa dereva

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo hapa Mbeya. Nimesoma kwamba Toyota wametengeneza giaboksi mpya ya auto yenye gia nane kwa ajili ya gari lao dogo la spoti, GR Yaris. Mjomba wangu, ambaye ameendesha malori ya Tunduma maisha yake yote, anasema gari la spoti lenye auto si gari la spoti, na kwamba auto zote huishia kufa kwa joto. Mimi nahisi kuna jambo jipya hapo ila silioni vizuri. Je, hizo gia nane ndiyo habari yenyewe? Na kwa nini hawakuweka klachi mbili kama Wajerumani?
*Msomaji, Iyunga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amesema mambo mawili, na uzito wake haulingani. Hilo la joto ni kweli tupu, na usipolielewa hutaona kwa nini wahandisi wale walihangaika vile. Hilo la gari la spoti nitalifikia mbele, maana historia haimuungi mkono.

Juzi nilishusha giaboksi ya Forester iliyokuwa ikipanda na kushuka barabara ya Chunya na mizigo. Oili ya auto ikiwa mpya huwa nyekundu, unaiona hadi chini ya kopo. Hii ilitoka nyeusi, ikinuka kama maharage yaliyoungulia chunguni. Sumaku za kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, zilikuwa zimevaa tope zito la chuma. Nikatoa pakiti ya klachi: zile sahani zenye utando wa msuguano zimekuwa laini hadi zinang'aa, kwingine utando umebanduka kabisa, na sahani za chuma zinazopangwa katikati yake zina mabaka ya bluu. Chuma hakigeuki bluu kwa kuzeeka. Kinageuka kwa kuungua.

Joto hilo lina vyanzo viwili. Cha kwanza ni toki konveta, lile dude la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi, mahali ambapo gari la gia za mkono lina klachi. Ndani yake kuna mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili, moja limefungwa kwa injini, jingine kwa giaboksi, na katikati yao kipo kipande cha tatu kinachoirudisha oili kwa pembe inayoongeza nguvu ya kuzungusha. Wazo hilo alilisajili Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905, kwa ajili ya meli. Faida yake unaijua kila ukiondoka mlimani bila gari kurudi nyuma wala kuzima. Hasara ni kwamba pangaboi la injini likienda kasi kuliko mwenzake, nguvu inayopotea hapo inageuka joto ndani ya oili. Ndiyo maana konveta za siku hizi zina klachi yake ya kufungia, inayoyashikanisha mapangaboi yaende pamoja. Kwenye gari la spoti klachi hiyo hufungwa mapema na kuachiwa kwa nadra, ili mguu wako na magurudumu viwe kitu kimoja.

Chanzo cha pili ni kubadili gia kwenyewe. Auto haisogezi gia huku na huku. Meno yake yameshikana muda wote kwa mafungu, gia ndogo zikiizunguka gia ya katikati ndani ya duara lenye meno, na uwiano hubadilika kwa kuamua kipande kipi kishikwe na kipi kiachwe kizunguke. Kazi hiyo ya kushika na kuachia hufanywa na zile pakiti za klachi, zikisukumwa na presha ya oili ambayo kompyuta huigawa kupitia selinoidi, yaani vali ndogo za umeme. Klachi moja inaachia, nyingine inashika, na kwa kitambo kidogo sana zote mbili zinateleza. Mtelezo huo ukirefushwa, abiria hasikii kitu lakini klachi zinaungua. Ukifupishwa, klachi zinapona ila gari linashtuka. Sasa fikiria dereva wa rali: anataka gia ibadilike haraka, injini ikiwa na nguvu zote, kona baada ya kona, bila kupumzika. Giaboksi ya kwenda sokoni Mwanjelwa na kurudi haiwezi maisha hayo hata kidogo.

Toyota walipoleta GR Yaris ya turbo mwaka 2020, ilikuja na gia sita za mkono tu. Januari 2024, kwenye maonyesho ya Tokyo Auto Salon, wakatangaza gari lililoboreshwa likiwa na hiyo giaboksi unayoiuliza, waliyoiita Gazoo Racing Direct Automatic Transmission, kwa kifupi DAT. Kabla ya kuuzwa waliiingiza kwenye mashindano ya rali ya kwao Japani, udhaifu wake uonekane mapema. Dhidi ya joto waliweka utando wa msuguano unaostahimili zaidi kwenye klachi, wakaipa kipoza oili, na wakaandika upya programu inayoamua klachi zipokezane vipi. Kutoka gia sita kwenda nane, nafasi kati ya gia na gia ikapungua. Hilo lina maana kubwa kwa injini ile: ni ya silinda tatu, lita 1.6, lakini kwa gari la Japani inatoa nguvu farasi 304 na nyutonimita 400 za nguvu ya kuzungusha. Injini ndogo namna hiyo huishi kwa turbo, ile feni inayoisukumia hewa. Mzunguko ukishuka sana baada ya kubadili gia, turbo inalegea na unabaki unasubiri. Gia zikikaribiana, turbo hailali.

Lakini gia nane siyo habari yenyewe. Toyota haohao waliweka auto ya gia nane kwenye Lexus LS 460 mwaka 2006, na ile ni gari la wakubwa, la kukaa nyuma na kusoma gazeti. Habari yenyewe ni mguu.

Chukua barabara ya Tukuyu, pale unapoteremka kutoka Isyonje kuelekea Isongole, ukungu umetanda na kona inakuja upande wa kushoto. Unakanyaga breki kwa nguvu. Auto ya kawaida husubiri kuona gari limefanya nini: mwendo umepungua kiasi gani, gari linavutwa nyuma kwa nguvu gani. Ikisharidhika ndiyo inachagua gia. Wewe wakati huo umeshafika katikati ya kona, unakanyaga mafuta utoke, na giaboksi bado iko gia ya juu. Inashtuka, inashusha gia mbili kwa mpigo ukiwa umepinda, na gari linatikisika mahali pabaya kuliko pote. Kila aliyeendesha auto milima hii anaijua hali hiyo hata kama hajawahi kuipa jina.

DAT haisubiri gari. Inaangalia namna unavyokanyaga na kuachia breki na mafuta, na kutoka hapo inakisia unachotaka kabla mwendo haujabadilika. Umekanyaga breki ghafla na kwa uzito, basi unaingia kona, na gia inashushwa ukiwa bado kwenye breki, gari likiwa limenyooka. Ukigusa mafuta, gia iko tayari. Hivyo ndivyo dereva hodari wa gia za mkono anavyofanya: mkono wake hushusha gia kwa sababu anaiona kona, hasubiri injini ianze kulalamika. Kuifundisha kompyuta jambo hilo ni kazi ngumu kuliko kuchonga meno ya gia, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye heshima kubwa katika mradi mzima. Ukisoma mitambo, usiishie kwenye chuma. Jifunze na programu, kwa sababu giaboksi ya leo nusu yake ni maandishi.

Kuhusu klachi mbili. Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa na wazo hilo kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Porsche wakalikomaza kwenye magari yao ya mbio miaka ya 1980, na Volkswagen wakaliingiza kwenye gari la kawaida la kuuzwa mwaka 2003. Klachi moja inashika gia witiri, nyingine inashika gia shufwa, kwa hiyo ukiwa gia ya 3, ya 4 imeshaandaliwa. Kasi yake ni ya ajabu. Kasoro yake iko kwenye kuanza na kutambaa: hakuna konveta, kwa hiyo anayeteleza ni klachi mwenyewe. Msongamano wa Mafiati jioni, foleni ya malori mlimani, kujinasua kwenye tope, vyote vinamchosha. Kwenye konveta kinachoteleza hapo ni oili, nayo hupozwa na kurudi. Kwa gari dogo litakalopelekwa kwenye vumbi na mawe, mimi fundi ningechagua konveta bila kusita. Wala siyo Wajapani peke yao wanaoelekea huko. BMW walikuwa na klachi mbili kwenye M5, na gari lililofuata, lililotoka mwishoni mwa 2017, likarudi kwenye konveta yenye gia nane, kwa sababu auto za aina hiyo sasa zinabadili haraka vya kutosha na zinabeba nguvu nyingi bila kusumbua.

Sasa mjomba. Mwambie kwa heshima kwamba Corvette za kwanza kabisa, gari la spoti la Wamarekani, mwaka 1953, zote zilitoka na auto ya gia mbili. Na Corvette iliyoanza kuuzwa kama gari la mwaka 2020, yenye injini nyuma ya dereva, ina klachi mbili na gia nane. Ya mkono haipo hata ukiililia. Ila mpe na haki yake: magari ya Toyota yanayoshinda Safari Rally pale Naivasha, yale ya daraja la juu tangu 2022, yana gia tano zinazobadilishwa kwa mkono, dereva akivuta fimbo kupandisha na kuisukuma kushusha. DAT nayo ukiiweka kwenye M, yaani unapobadili gia mwenyewe, hufuata mwelekeo huohuo, na auto nyingi za kawaida ni kinyume chake. Ukifunga breki mwili wako unaenda mbele, mkono unasukuma wenyewe. Ukikanyaga mafuta unarudi nyuma, mkono unavuta. Waliyajua hayo kwa kukaa ndani ya gari.

Na gharama ipo pia. DAT inaongeza karibu kilo 20 juu ya gari la gia za mkono, na kwenye gari la kilo 1,300 uzito huo unaonekana.

Nimalizie na jambo moja ambalo halimo kwenye swali lako. Nina mteja hapa mjini ambaye mguu wake wa kushoto haukunjiki tangu apate ajali ya bodaboda. Anapenda mwendo kuliko vijana wote wanaokuja gereji, na anazijua kona za Kawetele moja moja. Gari la klachi hawezi. Kwa Japani kuna leseni maalumu ya auto tu tangu 1991, na watu wengi sana wana hiyo peke yake. Bila giaboksi kama hii wote hao mbio za magari wangezitazama kwenye televisheni. Mimi mwenyewe mkono wangu umezoea fimbo na sitaiacha. Lakini siwezi kumwambia mtu yule kwamba anachokitaka si cha kweli kwa sababu kina pedali mbili.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha Mark X, ile ya kwanza, lita 2.5. Safari zangu ni Mafinga na Dar. Nikishuka Kitonga breki zinanuka hadi abiria wanaulizana. Rafiki ameniambia niweke S3 nishuke nayo, mwingine anasema nitavunja giaboksi. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Wa kwanza. Kwenye Mark X yako S haishikilii gia moja kama M ya gari la spoti, inaweka mpaka. S3 maana yake "usipande zaidi ya 3", na ya 1 na ya 2 bado zinatumika gari likihitaji. Kompyuta itakataa kushusha gia kama mzunguko wa injini utapita kiasi, kwa hiyo huvunji kitu. Utasikia injini ikivuma kwenye elfu tatu au zaidi na utaogopa. Usiogope, mguu hauko kwenye mafuta, injini inabebwa na magurudumu na inayazuia. Shusha gia kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado na mwendo mdogo, siyo ukishachanganya kona mbili na lori liko mbele. Kisha breki uitumie kwa kukanyaga kwa nguvu na kuachia, ipate kupumua, badala ya kuiwekea mguu mwepesi kutoka juu hadi chini. Huo mguu mwepesi ndio unaochemsha.

Angalia mambo mengine mawili. Oili ya breki hunyonya unyevu kadiri inavyokaa, na yenye maji huchemka mapema, pedali ikazama. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama inaonekana safi. Na oili ya giaboksi yako ni ile ya Toyota inayoitwa WS. Gari hilo halina kijiti cha kupimia; usawa wake hupimwa kwa kufungua nati chini ya sampu injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi. Anayekumiminia oili yoyote nyekundu ya dukani kwa kukadiria kwa jicho, mshukuru, ondoka na gari lako.

SWALI: Mzee, hiyo DAT ya GR Yaris inaweza kuingia kwenye Altezza? Spea za ajali zinaletwa siku hizi.
*Msomaji, Iringa mjini*

JIBU: Haiingii. Injini ya Altezza imelala kwa urefu na inasukuma magurudumu ya nyuma. DAT imeundwa kwa injini iliyokaa kwa upana na gari la magurudumu manne. Hata ungeikata na kuichomelea, ingekaa bubu, maana inahitaji taarifa za breki, mafuta na injini kutoka kwenye mfumo wake wenyewe wa kompyuta. Ukitaka Altezza yenye raha, tafuta giaboksi ya gia sita za mkono ya Altezza ya RS200, ije na klachi, pedali, propela shafti na kompyuta yake. Ukibaki na auto, weka kipoza oili cha nje mbele ya rejeta kabla hujaongeza nguvu yoyote kwenye injini.

SWALI: Fundi, hujambo? Mume wangu alinifundisha kuweka N kila nikiteremka ili kuokoa mafuta. Gari ni Rav4 ya auto, 4WD. Barabara zetu hizi ni miteremko mitupu. Je, ni sawa? Na likiharibika njiani, naweza kuvutwa kwa kamba hadi Makambako?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Sijambo dada. La N liache leo. Gari la sindano za mafuta likiwa kwenye D na mguu wako haupo kwenye pedali, kompyuta inafunga sindano kabisa. Injini inazungushwa na magurudumu na haili mafuta. Ukiweka N, injini inakatwa kutoka kwa magurudumu, kwa hiyo lazima inywe mafuta ili isizime. Unapoteza kile ulichotaka kuokoa, na unabaki na breki peke yake, kwenye miteremko ya Njombe, asubuhi kukiwa na ukungu na barabara imelowa. Halafu ukirudisha D ukiwa na mwendo, klachi za ndani zinashika kwa kishindo, zikiwa zimeachiwa muda wote ulipokuwa N. Mabaka ya bluu niliyomweleza kijana wa Iyunga huanza kwa mazoea kama hayo. Mteremko mkali ukija, shusha hadi L au 2 kama lever yako inazo, au zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, kwa kitufe kilicho ubavuni mwa lever.

Kuhusu kamba, hapana. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizimika, magurudumu yanazungusha giaboksi kavu, na kwa gari la 4WD kunyanyua mbele peke yake hakusaidii kwa sababu magurudumu ya nyuma nayo yameunganishwa. Mkubaliane bei kwanza na mwenye gari la uokoaji, kisha mwambie wazi kwamba unataka gari la kubeba, Rav4 ipande juu yake kwa magurudumu yote manne.